Insha Isiyo na Msomaji: Kutoka Kiungani Hadi Meru na Embu

KILA ripoti inapotolewa kuhusu watoto wa Kenya wasioweza kusoma, mjadala huchukua mkondo uleule. Mzazi humlaumu mwalimu, mwalimu humlaumu mzazi, kisha wote wawili huigeukia serikali. Shirika la Uwezo lilipotangaza, zaidi ya mwongo mmoja uliopita, kwamba ni watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kufanya kazi ya darasa la pili, tulishtuka kwa wiki mbili hivi, halafu tukarudi kwenye siasa zetu. Swali lililoulizwa wakati huo lilikuwa moja: kwa nini watoto hawasomi? Leo nataka tulitazame swali jingine ambalo naliona kuwa pacha wake. Watoto wenyewe wanapoandika, ni nani huyasoma wanayoyaandika?

Msomaji asidhani nafanya mzaha. Hoja yangu ni kwamba mtoto anayechechemea katika kusoma na kuandika hupata nguvu anapojua kuwa kuna mtu halisi, mbali na mwenye kalamu nyekundu, atakayeisoma kazi yake na kumjibu. Siku hizi hoja hii huhubiriwa pamoja na blogu za darasa, yaani kurasa za mtandaoni ambako wanafunzi huweka maandishi yao ili wenzao wayasome. Kwa hivyo huonekana kama jambo geni lililoletwa na intaneti. Sivyo. Kiswahili kilikuwa na wanafunzi waandishi, wenye wasomaji wao, kabla hakijawa na mtihani wa insha. Hebu tuanzie pwani, kisha tupande hadi kwetu Meru na Embu, tuone ni wapi msomaji huyo alipotelea.

Vijana wa Kiungani

Nje kidogo ya mji wa Unguja, mahali paitwapo Kiungani, misheni ya UMCA ilikuwa na shule ya wavulana katika karne ya 19. Wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliookolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya utumwa. Walikuwa watu wa bara: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Walikiokota njiani, kwenye misafara na majahazini, na shuleni wakatakiwa kukisoma na kukiandika. Ukiwatazama kwa jicho la mwalimu wa leo, hawa ndio tungewaita wanafunzi wenye changamoto: lugha ya pili, masomo yaliyochelewa kuanza, na maisha yaliyovurugwa.

Walimu wao waliwafanyia nini? Waliwapa kalamu, wakawaambia waandike walikotoka na yaliyowapata. Mwaka wa 1887 maandishi hayo yalitolewa London katika kitabu kinachoitwa Kiungani, baada ya kutafsiriwa kwa Kiingereza na A. C. Madan, yuleyule ambaye baadaye tulimjua kwa kamusi zake. Mwaka uliofuata, 1888, likazaliwa gazeti la Msimulizi, lililochapishwa papo hapo Kiungani. Lilibeba habari za shule na za vituo vya misheni bara, na wanafunzi wa awali waliokwenda kufundisha mbali walituma habari zao ili wenzao wazisome. Wataalamu wa historia ya uanahabari hulitaja gazeti hili kuwa miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Jambo ambalo halitajwi sana ni kuwa waandishi wake wengi walikuwa wanafunzi, au vijana waliotoka madarasani juzi tu.

Nisilipambe jambo hili kupita kiasi. Mashine ya kuchapia ilikuwa ya wamisionari, nao ndio waliokuwa na neno la mwisho. Hata hivyo, kijana wa Kiungani alipoandika alijua kwamba kuna mtu Masasi au Magila ambaye angelifungua gazeti, alione jina lake na asome habari zake. Miaka 36 baadaye, mwaka wa 1924, mwalimu Mfaransa Célestin Freinet aliweka mashine ndogo ya kuchapia darasani mwake katika kijiji cha Bar-sur-Loup. Wanafunzi wake wakachapisha habari zao wenyewe na kubadilishana na shule ya mbali. Vitabu vya ualimu humsifu Freinet, na anastahili. Ila wanagenzi wetu katika vyuo vya ualimu wangepaswa kujua kwamba Zanzibar nayo ilikuwa na la kusimulia.

Mkondo huo haukukatika mara moja. Mwanzoni mwa karne ya 20, shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ilikuwa na gazeti lake, Kiongozi. Mnamo Januari 1923, Idara ya Elimu ya Tanganyika ikaanzisha Mambo Leo, gazeti ambalo wasomaji walilijaza barua na mashairi yao. Tazama ni nani aliyelianzisha: idara ya elimu yenyewe. Wakati huo ilieleweka kwamba ukimfundisha mtu kusoma, sharti pia umpe mahali pa kuandika.

Kuthoma na kwandika

Huku kwetu mlimani kusoma kuliingia kwa mlango mwingine. Misheni ya CMS ilifika Kigari, Embu, mwaka wa 1910. Wamethodisti walifika Kaaga, Meru, mwaka wa 1912, wakati ambapo Wakatoliki wa Consolata nao walikuwa wakijenga vituo vyao. Kanisa la Uskoti lilianzisha kituo cha Chogoria mwaka wa 1922. Kila kituo kilikuwa kanisa, zahanati na darasa kwa pamoja.

Lugha zetu zimehifadhi kumbukumbu ya ujio huo. Katika Kimeru na Kiembu, kusoma ni kuthoma, na kuandika ni kwandika. Ni Kiswahili kilichopanda mlima. Sauti ya s ilipofika huku ikageuka th, sawa na jinsi saa ilivyogeuka thaa. Halafu kukazuka jina athomi, yaani wasomaji, na katika lugha za eneo la Mlima Kenya jina hilo lilimaanisha Wakristo, watu wa misheni. Mtu alikuwa msomi kwa sababu alisoma katekisimu na kubatizwa. Sijasikia jina kama hilo kwa waandishi. Mwandishi aliyefahamika kijijini alikuwa karani, na karani aliandika alichoambiwa na bwana wake.

Tofauti hiyo ndogo ya maneno inaeleza mengi. Kiungani mwanafunzi alisoma na kuandika. Kwetu mwanafunzi alisoma, na kusoma kwenyewe mara nyingi kulikuwa kukariri. Isitoshe, wapo waliosomeshwa kwa lugha ya jirani. Embu kwa miaka mingi ilitumia vitabu vya Kigikuyu. Mtoto ambaye nyumbani husema vava akitaka kusema hapa, kitabuni alikuta haha. Wameru nao walingoja hadi mwaka wa 1964 kuipata Biblia nzima katika Kimeru. Basi tangu mwanzo mtoto alizoea kwamba maandishi ni ya watu wengine, yanazungumza kwa ulimi wa watu wengine, na kazi yake ni kuyarudia.

Hapa sharti nitaje Mwigwithania, gazeti la Kigikuyu lililoanza mwaka wa 1928 likihaririwa na Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye tulimjua kama Jomo. Lilichapisha barua za wasomaji wa kawaida. Shule huru za Waafrika, zilizoenea hadi Embu na Meru baada ya mzozo wa tohara wa mwaka wa 1929, zilikua katika mazingira hayo ya watu kuandikiana na kujibizana. Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari mnamo Oktoba 1952, shule hizo zilifungwa.

Barua za kambini

Jambo la ajabu ni kwamba mahali ambapo uandishi ulirudi kwa nguvu ni kambini. Maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru walizuiliwa katika miaka ya 1950. Baadhi ya kambi kubwa zilikuwa Mwea, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa katika Wilaya ya Embu. Humo ndani, wafungwa waliojua kusoma waliwafundisha wasiojua. Hawakuwa na vitabu vya kutosha wala mtihani wa kufanya. Walikuwa na sababu: barua. Mtu alitaka kumwandikia mkewe. Mwingine alitaka kuwaandikia maafisa wa serikali, au wabunge huko London, aeleze anavyotendewa. J. M. Kariuki, katika kitabu chake cha mwaka wa 1963 kuhusu maisha ya kizuizini, anaeleza jinsi barua zilivyoandikwa na kutoroshwa nje, na jinsi yeye mwenyewe alivyoadhibiwa kwa sababu yazo.

Sisemi kambi ile ilikuwa shule nzuri. Mungu apishe mbali. Nasema kwamba watu wazima ambao shule ziliwapita walijifunza kusoma na kuandika katika mazingira mabaya kuliko darasa lolote la leo, kwa kuwa kila sentensi ilikuwa na mtu iliyemlenga. Mwenye kuandika alijua kuwa neno likikosewa, malalamiko hayataeleweka. Usahihi haukuwa adabu ya shuleni tu. Ulikuwa haja.

Insha ya kukariri

Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 iliipa Kiingereza nafasi ya mbele madarasani. Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ikapendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini na Kiswahili kiwe somo la lazima. Pendekezo hilo la pili lilitimia mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 pamoja na mtihani wa KCPE. Kiswahili kikatahiniwa, na insha ikapewa alama 40. Kwa sisi wapenzi wa lugha hii ilikuwa sherehe. Mtoto wa Maua na mtoto wa Ishiara sasa wangeandika Kiswahili, wapende wasipende.

Waliandika, naam. Lakini walimwandikia nani? Walimwandikia mtahini wasiyemjua, ambaye hangewajibu kamwe. Mwalimu wa darasa naye alisoma kama naibu wa mtahini huyo. Hapo ndipo ulipozuka mtindo ambao kila Mkenya aliyepitia shule ya msingi anaujua. Nilirauka alfajiri na mapema kabla ya majogoo kuwika. Nilipiga mswaki, nikaoga, nikastaftahi. Siku ya siku ilikuwa imewadia! Nilitimua mbio za swara. Mwisho wa yote, hapo ndipo nilipoamini kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tulipewa orodha za mapambo, tukazikariri kama sala.

Mwanafunzi hodari aliyamudu mapambo hayo, na wengine wakawa waandishi kwelikweli. Tharaka, jirani zetu wa karibu, imetupa Kithaka wa Mberia, ambaye mashairi na tamthilia zake, zikiwemo Natala na Kifo Kisimani, hazihitaji majogoo yawike ili zianze. Mimi namfikiria yule wa dawati la nyuma. Huyo alikariri insha moja tu, akaipeleka kwenye kila mada. Nilisoma na kijana mmoja Imenti aliyekuwa ameihifadhi insha ya harusi. Siku tuliyopewa “Ajali Niliyoishuhudia”, aliwapamba maharusi kwa aya tatu nzima, akawapandisha gari, kisha akawaangusha kwenye mto. Darasa lilicheka, mwalimu akacheka, akampa alama 9 kati ya 40. Hakuna aliyemuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuona ajali. Barabara ya lami ilipita mbele ya kwao.

Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Mtoto asiyesoma vizuri anapopewa maneno ya kukariri, anabaki na maandishi ambayo hawezi hata kuyasoma tena kwa kuelewa. Hayakutoka kwake. Ukimwonyesha ukurasa wake wiki ijayo, ni mgeni kwake kama ukurasa wa kitabu.

Daftari la muguka

Nilipokuwa mwalimu mwanagenzi, nilipelekwa katika shule moja Mbeere, upande wa chini wa Embu. Katika darasa la sita kulikuwa na msichana ambaye insha yake haikuzidi mistari mitatu. Akisoma kwa sauti alikwama kila neno la silabi tatu. Walimu wenzangu waliniambia nisijisumbue naye, eti huyo ni wa kungoja tu amalize.

Siku moja nilimkuta na daftari dogo lililokunjwa. Lilikuwa la madeni ya nyanya yake, aliyekuwa akiuza muguka sokoni. Humo msichana alikuwa ameandika nani kachukua kiasi gani, kalipa ngapi, na saa ngapi aliahidi kurudi. Aliandika thaa kila mahali. Baadhi ya l zilikuwa r. Lakini kurasa zilijaa, moja baada ya nyingine. Nikamuuliza, “Haya unamwandikia nani?” Akanijibu, “Ni ya cucu. Hajui kusoma. Namsomea jioni.”

Kila jioni, basi, msichana asiyeweza kusoma alikuwa akisoma. Alisoma maandishi yake mwenyewe kwa msikilizaji aliyekuwa na hamu ya kila neno. Nyanya alipouliza, “Huyo Njeru ni yupi, wa juu au wa kwa mto?” msichana alilazimika kuongeza maelezo ili kesho asiulizwe tena. Hakuna kalamu nyekundu iliyomfundisha kufafanua hivyo.

Nilimwomba aandike jinsi muguka unavyouzwa, nikaibandika kazi yake ukutani kwa karatasi ya manila, pamoja na za wenzake. Tukaliita gazeti la ukutani. Kila mwanafunzi aliruhusiwa kuandika swali chini ya kazi ya mwenzake. Mmoja alimuuliza, “Thaa ni nini?” Yeye akaenda mwenyewe na kifutio, akaandika saa. Mwalimu mmoja mkongwe hakupendezwa. Alisema muguka si mada ya insha ya shule. Tulibishana, gazeti likabaki, ila likahamishwa mbali na mlango wa ofisi. Sitadai kwamba msichana yule alikuja kuongoza darasa. Kufikia mwisho wa muhula alikuwa akiandika nusu ukurasa, na alikuwa akisimama ukutani kusoma ya wenzake. Kwa mtoto wa mistari mitatu, hiyo si haba.

Kwa nini msomaji husaidia

Tukiichambua hali ile, tutaona mambo matatu. Kwanza, mtoto anaposoma alichokiandika mwenyewe, maana anayo tayari kichwani. Kazi iliyobaki ni kulinganisha herufi na sauti, na Kiswahili kinamrahisishia kwa sababu kinasomwa kama kilivyoandikwa. Pili, swali la msomaji humpa sababu ya kurudia kazi. Kurudia bila sababu ni adhabu, na watoto wanajua tofauti hiyo. Tatu, makosa ya lugha ya kwanza hurekebishika bila kumfedhehesha mwenyewe. Kimeru na Kiembu zina irabu saba ilhali Kiswahili kina tano. Mtoto akiandika thaa hafanyi uzembe. Anafuata sauti za nyumbani kwa uaminifu. Kalamu nyekundu humwambia amekosea, lakini mwenzake akiuliza “ni nini?” humwonyesha kwamba hakueleweka. Hilo la pili ndilo linalomfanya atake kubadilisha.

Nasema haya bila kudharau juhudi nyingine. Mpango wa Tusome, ulioanza mwaka wa 2015, uliwapa watoto wa madarasa ya chini vitabu vya Kiswahili na Kiingereza na kuwapa walimu mwongozo wa kufundisha silabi kwa utaratibu. Mtoto asiyejua silabi hana cha kuandikia gazeti lolote. Mafunzo ya silabi na uandishi wenye msomaji hufanya kazi kama miguu miwili. Huwezi kuukata mmoja ukatarajia mwingine ukimbie.

Ukuta, simu na blogu

Teknolojia ilipoingia shuleni, tulikuwa na nafasi ya kumrudisha msomaji. Mwaka wa 2016 serikali ilianza kusambaza vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza kote nchini. Shule moja niliyoizuru Meru ilikuwa imevihifadhi kabatini, kufuli mbili, ufunguo kwa mwalimu mkuu. Vilipotolewa, watoto walitazama masomo yaliyokwisha kuwekwa ndani. Walitazama, wakabonyeza jibu, wakarudisha. Tulirudia desturi ileile ya zamani: chombo kipya kilizungumza, mtoto akasikiliza.

Janga la korona ndilo lililotufundisha kinyume chake. Shule zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Mwalimu mmoja ninayemfahamu huko Imenti alitumia kundi la WhatsApp la wazazi. Aliwaomba watoto waandike mistari michache kuhusu yaliyotokea nyumbani siku hiyo, wazazi wapige picha, waitume kundini. Shangazi aliyeko Nairobi akajibu kwa sauti. Babu wa mtu akauliza kuhusu ng'ombe aliyezaa. Mtoto aliyekuwa akifichama darasani akaanza kudai simu ya mamake ili aone kama amejibiwa. Shule zilipofunguliwa, mwalimu hakuliacha zoezi lile. Sasa kazi moja au mbili huchaguliwa kila Ijumaa.

Blogu ya darasa ni hatua inayofuata katika safari hiyo. Faida yake ni kwamba maandishi hukaa mahali pamoja, hayapotei kama ujumbe wa simu, na shule ya Runyenjes inaweza kusoma kazi za shule ya Nkubu na kuzijibu. Ina hatari zake pia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, kwa hiyo jina kamili na picha ya mwanafunzi visiwekwe ovyo. Wapo watu wazima wanaocheka makosa ya watoto mtandaoni, na mtoto akichekwa mara moja hatarudi. Bando nalo hugharimu pesa, na simu zetu zina tabia ya kugeuza maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo mwalimu asiye na mtandao asijione amenyimwa kitu kikubwa. Msomaji anaweza kuwa darasa la jirani, nyanya sokoni, au ukuta.

Pengo la mwaka wa 2022

Kinachonisukuma kuandika haya sasa ni badiliko ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Mtihani wa KPSEA wa gredi ya sita ulipofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2022, ulikuwa wa kuchagua majibu. Mwaka uliofuata, KCPE ya mwisho ilifanywa, na insha yake ya alama 40 ikaenda nayo. Mtahini yule wa mbali, ambaye kwa karibu miaka 40 alikuwa msomaji pekee wa watoto wetu wa shule ya msingi, ameondoka.

Baadhi ya wenzangu wanaomboleza. Wanahofia kwamba kisichotahiniwa hakifundishwi, na hofu hiyo ina msingi. Tunazijua shule zetu. Tayari nimesikia mwalimu akisema, “Ya nini kusahihisha insha 60 ambazo haziendi popote?” Jibu langu kwake ni kwamba kweli insha zile haziendi popote, na hilo ndilo la kurekebishwa. Asisahihishe zote 60. Azipe mahali pa kwenda. Kwa kuwa mapambo ya majogoo hayana tena alama za kuwinda, mtoto anaweza sasa kuandika kuhusu mto wa kwao, deni la nyanya au ajali aliyoiona kweli.

Pengo hili likiachwa wazi, watakaoumia kwanza si watoto wa shule za kulipia mjini. Hao wana vitabu nyumbani na wazazi wa kuwasomea. Wataumia wale wa Tigania na Mbeere ambao shule ndiyo mahali pekee pa kalamu na karatasi. Wataalamu wa mtaala watachukua muda wao kujadili tathmini. Mwalimu hana haja ya kuwangoja. Ijumaa hii anaweza kununua karatasi moja ya manila, akawaambia watoto wachague habari moja ya wiki yao, na akaacha nafasi chini ya kila kazi ili mtu mwingine aandike swali.